Kumpunguza Paka Mnene Bila Kumdhuru

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kabla sijaanza somo langu sina budi kukiri jambo moja. Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa Kidato cha Pili, nilimwua paka wa shangazi yangu kule Tunduma. Sikumpiga, wala sikumtilia sumu. Nilimwua kwa shauri.

Shangazi ana duka la nafaka karibu na barabara kuu iendayo mpakani. Malori ya kwenda Zambia husimama pale foleni mchana na usiku, na paka wake wa kwanza aligongwa na mojawapo. Kwa hiyo wa pili, jina lake Chui, hakuruhusiwa kutoka nje. Maisha yake yote yalikuwa kutoka gunia la mchele mpaka kaunta, na kutoka kaunta mpaka jikoni. Wateja walimpenda, wakampa kila walichokuwa wakila. Akanenepa hata tumbo likawa karibu kugusa sakafu akitembea, na panya wakawa wanapita mbele yake kama watu waliokwisha kulipa kodi.

Nilipokwenda likizo, mimi msomi, nikamwambia, "Shangazi, mfungie stoo siku tano bila chakula, umwachie maji tu. Njaa itampunguza, na panya atawakamata mwenyewe." Shangazi akasita, akasema, "Mwanangu, siku tano si nyingi?" Nikamjibu kwamba anayo akiba ya kutosha tumboni. Akakubali, maana mwenye kusoma ni mimi.

Siku ya tano tulipofungua mlango, Chui hakuwa amekamata panya hata mmoja. Tukampa nyama, akainusa, akageuza kichwa. Tukampa maziwa, akageuza kichwa. Tulidhani amekasirika. Siku zikapita hivyo, kisha fizi zake na ngozi ya ndani ya masikio zikawa za manjano kama zilizopakwa binzari. Bwana Mifugo alipofika alimfungua mdomo, akatazama, akauliza swali moja tu: "Alikaa siku ngapi bila kula?" Chui akafa kesho yake asubuhi. Shangazi hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Nayaandika haya kwa sababu muhula huu, hapa Itaka, nimesikia shauri lile lile likitolewa juu ya paka wetu wa stoo.

Wote mnamjua Mkaguzi. Wageni na wazazi ambao hawamjui, ni paka dume wa rangi ya majivu aliyehasiwa, aishiye ndani ya stoo ya mahindi na maharage. Tumempa jina hilo kwa kuwa kila gunia likiingia hulizunguka na kulinusa kabla ya mtu yeyote. Hatoki nje kwa ajili ya mbwa wa kijijini. Mwanzoni mwa muhula wenzangu kadhaa bwenini walisema kwamba amekuwa mvivu, na dawa yake ni kumfungia bila chakula tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Nikasimama, nikawaeleza habari za Chui. Mwalimu wetu wa Baiolojia alipopata habari aliniita, akasema, "Basi, kama umejua lisilofaa, sasa tafuta lifaalo." Haya ndiyo niliyoyapata, kwa kusoma, kwa kumwuliza Bwana Mifugo wa kata, na kwa kumpima Mkaguzi mwenyewe.

Kwanza, kwa nini njaa humwua paka mnene, ilhali mtu mnene aweza kufunga siku kadhaa asiugue ugonjwa huu? Mnyama asipokula, mwili huyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba, ukayapeleka kwenye ini yafanyiwe kazi. Ini la mtu, au la mbwa, huyashughulikia na kuyasambaza kwa kadiri yanavyofika. Ini la paka halikuumbwa kwa mzigo huo. Mafuta huingia kwa wingi kuliko yanavyotoka, yakajaa ndani ya chembe za ini, na ini likavimba na kuacha kufanya kazi. Nyongo, ambayo ilipaswa kupita kwenda matumboni, hubaki katika damu, na ndiyo iletayo ile rangi ya manjano. Kibaya zaidi ni kwamba paka akifika hapo huchukia chakula, asitake kula hata akiletewa samaki. Hatari yaweza kuanza baada ya siku mbili au tatu tu bila kula, na kadiri paka alivyo mnene ndivyo hatari ilivyo kubwa, maana mafuta ya kufurika ini anayo mengi. Akiba niliyomtajia Shangazi ndiyo iliyomwua Chui. Daktari aweza kumwokoa paka wa namna hiyo kwa kumlisha kwa mrija kwa majuma kadhaa, lakini nani kati yetu ana mrija huo?

Jambo la pili linafuatana na hilo. Paka ni mla nyama halisi. Sisi tukikosa nyama, miili yetu hupunguza matumizi ya protini mpaka hapo itakapopatikana. Mwili wa paka haupunguzi sana. Huendelea kuvunja protini kila siku, na asipoipata katika chakula huivunja misuli yake mwenyewe. Tena kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho kimo katika nyama na samaki lakini hakimo katika mahindi, na paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini macho yake huharibika hata akawa kipofu, na mwaka 1987 wengine wakaonyesha kwamba moyo wake pia hulegea na kupanuka. Kwa hiyo anayempunguza paka wake kwa kumnyima nyama na kumwachia ugali mkavu anampunguza misuli, na mafuta yanabaki.

Sasa, utajuaje kwamba paka ni mnene kweli, si manyoya tu? Bwana Mifugo alinifundisha kipimo kisichohitaji chombo. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto, upapase vifundo vyake kwa vidole vya kulia: mbavu za paka zikionekana kwa vidole hivyo, amekonda mno. Fungua kiganja, upapase mgongo wa mkono: mbavu zikiwa hivyo, yu sawa. Geuza, upapase kiganja chenyewe mahali penye nyama, chini ya kidole gumba: ikiwa inakupasa kubonyeza hivyo ndipo uzipate mbavu, paka amezidi. Tena umtazame kutoka juu. Paka mzima ana kiuno nyuma ya mbavu. Mkaguzi alikuwa na umbo la mtungi.

Lakini tumbo kubwa peke yake si ushahidi. Huenda ni mimba, au minyoo, au maji tumboni kwa ajili ya maradhi. Ndiyo maana yafaa aonwe kwanza na mtu wa mifugo, na paka mwenye mimba au anyonyeshaye asipunguziwe chakula kabisa.

Kumpima uzito kulituletea taabu kuliko tulivyodhani. Mpishi alikataa katakata paka asipande juu ya mizani ya nyama, na alikuwa na haki. Mwishowe tulipata mizani ya kuning'iniza, tukamtia Mkaguzi katika kikapu chenye kifuniko, tukapima, kisha tukapima kikapu kitupu na kutoa. Mara ya kwanza alitoka na kikapu kichwani. Mara ya pili tulitandika gunia lake ndani, akatulia. Alikuwa na kilo 6.4. Paka wengi wazima wa kawaida wana kilo 3.5 hadi 5, na Bwana Mifugo, kwa kutazama mifupa yake, alikadiria kwamba uzito wa haki wa Mkaguzi ni kama kilo 4.5.

Msomaji asicheke kwamba kilo mbili ni kitu kidogo. Kwa Mkaguzi ni karibu theluthi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 90 ambaye alipaswa kuwa na 63. Unene wa namna hii humletea paka kisukari, humwumiza viungo vya miguu, na humzuia kujilamba mgongo, ndiyo maana paka mnene mara nyingi ana manyoya machafu karibu na mkia. Huko Queensland, Australia, alikuwako paka mmoja aitwaye Himmy aliyefikia zaidi ya kilo 21, akawa wa kusukumwa katika toroli. Alikufa mwaka 1986, pumzi zikiwa zimemshinda. Wachapishaji wa kitabu cha Guinness baadaye waliacha kupokea habari za paka wazito, ili watu wasiwashindilie wanyama wao chakula kwa kutafuta sifa.

Mwendo wa kupungua ndio moyo wa somo hili. Madaktari wa wanyama hushauri paka apungue kati ya nusu asilimia na asilimia mbili ya uzito wake kwa juma, asizidi hapo. Kwa Mkaguzi hiyo ni gramu 32 hadi 128. Tuliazimia gramu 60 au 70 hivi, yaani kama asilimia moja. Gawanya kilo 1.9 kwa gramu 65 utapata majuma 29. Wenzangu walipoona hesabu hiyo ubaoni walipiga makofi ya dhihaka, kwa kuwa wengi wetu tutakuwa tumekwisha fanya mtihani na kuondoka kabla kazi haijaisha. Ni kweli. Lakini Chui alipungua upesi sana.

Hesabu ya chakula ni hii, na wanaopenda hesabu wataifurahia. Chukua uzito unaoutaka kwa kilo, yaani 4.5. Tafuta kipeuo chake cha pili, nacho ni 2.12. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha hicho, nacho ni 1.46. Vizidishe pamoja, halafu zidisha kwa 70. Utapata karibu kilokalori 216, ambazo ni mahitaji ya paka huyo akiwa amepumzika tu kwa siku moja. Wanaopunguza paka huanza na asilimia 80 ya hizo, yaani kama kilokalori 173.

Ukishaijua namba hiyo utaanza kuviona vitu vidogo kwa jicho jingine. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia kina kama kilokalori 40. Kikombe cha maziwa yenye mafuta yake kina kama 150, karibu posho yote ya siku, na juu ya hayo paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga maziwa sawasawa wakaharisha. Panya mmoja mdogo ana kama 30. Nilipokumbuka Chui alivyokuwa akipewa maziwa asubuhi, vichwa vya samaki wa kukaanga mchana, na mchuzi jioni, nilielewa kwamba hakuwa mlafi, ila sisi ndio tuliokuwa hatuhesabu. Huo mchuzi nao ni hatari kwa njia nyingine: vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Posho tuliyompangia Mkaguzi ni gramu 50 za dagaa wakavu wasiotiwa chumvi kwa siku, walioondolewa mchanga, wakalowekwa na kuchemshwa bila mafuta. Dagaa ni wazuri kwa kuwa huliwa na vichwa na mifupa, na humo paka hupata chokaa ambayo nyama tupu haina. Gramu hizo zina kama kilokalori 150, na zinazobaki tumemwachia mahali pa panya, akimpata. Siku mbili katika juma twampa nyama isiyo na mafuta au yai la kuchemsha badala ya sehemu ya dagaa, maana kula samaki peke yake kwa muda mrefu, hasa wale wa mafuta mengi, kwaweza kumpunguzia vitamini E na kumletea ugonjwa. Walio karibu na miji mikubwa hupata chakula cha paka cha madukani kilichokwisha kupimwa, nacho huwaondolea taabu hii yote.

Hatukuianza posho hiyo kwa siku moja. Kwa siku kumi tulipunguza kidogo kidogo kutoka alichozoea. Tukaweka na sharti: akikataa kula siku nzima, turudi nyuma, zikifika siku mbili, aende mtu kwa Bwana Mifugo asingoje kesho. Na akipungua zaidi ya gramu 128 kwa juma, aongezewe chakula hata kama kila mtu anafurahi.

Tena hatumpi mara moja. Paka wa porini hula wanyama wadogo wengi kwa siku, mmoja mmoja, hivyo tumegawa posho mara nne: kabla ya paredi ya asubuhi, saa ya mapumziko, jioni, na baada ya masomo ya usiku. Nusu ya chakula twakificha, leo juu ya gunia, kesho nyuma ya debe, apate kutembea na kuruka akikitafuta. Mwenzetu mmoja amefunga gunzi kwenye kamba, hulivuta sakafuni dakika tano tano. Paka hakimbii mbio ndefu kama sisi wa mchakamchaka. Hutaka mbio fupi, kisha akae afikiri. Kamba hutolewa mchezo ukiisha, kwa sababu paka akiimeza humkata matumbo.

Wako waliosema kwamba kwa kumlisha tunamzuia kuwinda. Hilo nalo nililiamini zamani, na si kweli. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa wakila chakula wanachokipenda waliacha sahani walipoletewa panya, wakamwua kwanza, kisha wakarudi kula. Paka huwinda kwa kuwa ni paka. Kinachomzuia Mkaguzi ni kwamba hawezi kuruka. Na kazi yake hiyo ni ya kale: inasadikiwa kwamba paka mwitu walianza kukaa na watu kwa kufuata panya wa ghala za nafaka, na katika kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta mtu na paka waliozikwa karibu karibu miaka kama 9,500 iliyopita, kama ilivyotangazwa mwaka 2004.

Juma la kwanza alipungua gramu 100, la pili 50. Juma la tatu akaongezeka 100! Tulihesabu dagaa upya, tukapima kikapu upya, tukashukiana. Bango lilikuwa mlangoni: TAFADHALI USIMPE MKAGUZI CHAKULA. Nikakaa nyuma ya stoo jioni mbili, nikajionea. Kijana wa Kidato cha Kwanza, ambaye sitamtaja, alikuwa akija dirishani kila baada ya chakula cha jioni, akipitisha ukoko wenye mafuta kati ya nondo, na Jumapili akapitisha kipande chake cha nyama, kipande chenyewe ni kimoja tu. Alikuwa akimsimulia paka habari za nyumbani kwao. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikashindwa.

Tulishauriana na Mwalimu, tukamfanya yeye ndiye mgawaji wa posho ya jioni. Sasa ana kopo lililochorwa mstari, na daftari, na hakuna aliye mkali kama yeye. Juzi alimzuia hata mpishi. Bado humsimulia paka habari za kwao, ila mikono mitupu.

Leo ni juma la kumi, na Mkaguzi ana kilo 5.8. Jumanne iliyopita aliruka juu ya gunia la tatu, ambalo mwanzoni mwa muhula alikuwa akilitazama kutoka chini. Shule ikifungwa mlinzi atamlisha, kwa kuwa yeye haendi likizo. Tumemwachia kopo, mizani, na karatasi mlangoni yenye uzito wa kila juma mpaka tutakaporudi. Mimi nitakuwa Tunduma. Shangazi ameniandikia kwamba amepewa mtoto wa paka, na kwamba hajaanza kumlisha chochote ila kidogo, ananingoja nifike.